Madogo, Liemba haijawahi kuigiza na Bogart

Jana nimeletewa skripti ya redio kuhusu Humphrey Bogart, mwigizaji wa filamu wa Marekani, niipitie kabla haijaenda hewani, ukurasa wa kwanza tu nikashika kichwa. Dogo, nakupenda, ila hayo makosa nayajua kwa majina, mengine niliyazaa mimi.

1. Kazaliwa New York 25/12/1899, Krismasi kwelikweli. Acheni stori kwamba studio ilimtungia tarehe.

2. Msimrushe moja kwa moja kwenye filamu ya Casablanca. Jamaa kasota, picha nyingi yeye jambazi wa kupigwa risasi, na hata ujambazi wa The Petrified Forest (1936) aliupata kwa vile mwigizaji mwenzake Leslie Howard aligoma, bila Bogart na mimi simo. Binti alipozaliwa 1952 akamwita Leslie. Muziki wekeni hapo, si kwenye ndoa nne.

3. Liemba. Haya. Mwaka wangu wa kwanza nilisoma kwamba filamu yake The African Queen inatokea Afrika Mashariki ya Mjerumani 1914, na ile meli ya Mjerumani mle ndani wazo lake ni Graf von Götzen, ndo hiyo Liemba yetu ya Ziwa Tanganyika. Nikaunga mwenyewe, basi Bogart kashuti Kigoma! Nikaandika anavyopanda Liemba, jasho linamtoka, sigara mdomoni, mtangazaji anaisoma kwa ile sauti ya majonzi na mimi nimekaa pembeni nakenua tu. Simu ya kwanza, mzee wa Kigoma. "Mwanangu, hiyo meli nimeifanyia kazi na hiyo filamu nimeiona. Meli ya kwenye filamu siyo yetu. Nani kakwambia?" Mtangazaji kanigeukia, mimi huyo chini ya meza natafuta waya ambao haujapotea. Walishuti 1951 Kongo ya Mbelgiji na Uganda, kule Butiaba na maporomoko ya Murchison, na zile sehemu Bogart yumo majini, nilizozisifia "maji ya Tanganyika", ni tangi la studio Uingereza. Filamu yenyewe ndo iliyompa Oscar yake pekee, hata hiyo nilisahau kuitaja kwa utamu wa meli. Ofisini naitwa Nahodha mpaka leo.

4. Kafa 14/1/1957 kwa saratani ya umio, miaka 57. Siyo 58, hesabuni miezi jamani, kazaliwa Desemba.

Skripti irudi kwangu Ijumaa, na huo mstari wa Liemba ukurasa wa tatu nimeuona, futa, yule mzee bado yupo na redio yake ina betri.