Kabla ya upanga, hesabu miti

Wengi wanaoanza kubuni ulimwengu wa visiwa kwa ajili ya hadithi hutangulia na upanga wa shujaa: jina lake, nakshi za mpini, damu iliyomwagika. Mimi huuliza kisiwa kina msitu wa kiasi gani.

Chuma hula miti. Kwa njia za kienyeji, kilo 1 ya mkaa hutaka kilo 5 za kuni au zaidi, na mkaa unaoingia tanurini haupungui uzito wa mawe ya chuma. Mara nyingi huyazidi. Wahunzi wengi kwenye kisiwa kidogo maana yake ni vilima vipara. Elba, kisiwa cha Italia, kilisifika kwa mawe ya chuma tangu enzi za Waetruski, watu wa Italia ya kale, lakini mawe mengi yalivushwa hadi Populonia, upande wa bara, yakachomwe huko. Sababu inayotajwa sana ni uhaba wa kuni. Hadithi hiyo tayari unayo: hawa wana mawe, wale wana moto, na wenye vyombo vya baharini wanawatoza wote wawili.

Kisiwa cha matumbawe usikipe machimbo ya chuma, wakazi wake wanunue. Cha volkano kinaweza kuwa na mchanga mweusi unaonaswa na sumaku. Wajapani waliuchoma mchanga wa chuma katika tanuri la tatara. Ila malighafi si ujuzi. Wamaori wa New Zealand waliishi karne nyingi kando ya fukwe za namna hiyo bila kuyeyusha chuma.

Tanurini ndipo wengi huharibu. Chuma safi huyeyuka kwa nyuzi 1,538 za Selsiasi, na tanuri la udongo la mivukuto ya mkono kwa kawaida halifiki huko. Kinachotiririka ni mavi ya chuma, yaani uchafu wa mawe ulioyeyuka. Chuma chenyewe hubaki donge lenye matundu, nalo hupigwa nyundo lingali la moto mpaka uchafu uliobaki ulitoke. Ukitaka cha kumimina kwenye kalibu, jenga tanuri refu lenye upepo mkali, kama Wachina walivyofanya karne kadhaa kabla ya Kristo. Lakini chuma hicho kina kaboni nyingi: kinafaa sufuria na majembe, upanga wake utavunjika pigo la kwanza.

Na tafadhali, wavukutaji wape majina. Mhunzi hawezi kupuliza moto saa zote hizo peke yake.