Sarafu iliyolika haisomwi kwa siki

Swali: Nilitoka na wanangu na mashine ya kusakia vyuma ardhini, tukaokota sarafu tatu. Mbili za shaba, moja nadhani ni ya fedha. Zimelika, hazisomeki. Nimeambiwa niziloweke kwenye siki au nizisugue kwa dawa ya meno ili mwaka uonekane. Kipi bora?

Jibu: Hakuna. Kama umeshaziloweka, zitoe sasa hivi, zisuuze kwa maji safi, uzikaushe kwa kuzigusagusa na kitambaa laini.

Swali hili haliishi kuniijia, na kila mara limebeba dhana ileile, kwamba mwaka umejificha chini ya uchafu. Shaba ikilala ardhini miaka mingi, uso wake wa awali ndio unaogeuka utando wa kijani au kahawia. Herufi zilizosalia mara nyingi zimo ndani ya utando huo. Siki na ndimu huuyeyusha, na herufi huondoka nao. Mzee mmoja aliniletea sarafu iliyolala kwenye siki usiku kucha: imekuwa ya waridi kama ufizi wa mtoto, vishimo vitupu. Kwenye simu alikuwa na picha aliyoipiga kabla. Tukaikuza, tukasoma 1, 8 na 6. Kwenye sarafu yenyewe, patupu. Dawa ya meno nayo ni msasa wenye harufu nzuri, basi.

Badala yake, zima taa, ulaze tochi pembeni ili mwanga utambae juu ya sarafu, uizungushe taratibu. Kisha pima: uzito kwa mizani ya sonara, kipenyo kwa kalipa, kile kifaa cha kubana kitu na kupima upana wake. Angalia kama ukingo una meno au ni laini. Igeuze kama ukurasa wa kitabu uone picha ya upande wa pili imesimama wima au imepinduka kichwa chini. Za Marekani hupinduka, za Uingereza za sasa husimama. Ukipata shaba ya ukingo laini, milimita 30.8 na gramu 9 na kitu, na kivuli cha mwanamke aliyeketi, hiyo ni peni ya Uingereza ya kati ya 1860 na 1967, hata kama hakuna tarakimu iliyobaki. Hiyo ya fedha ipelekee sumaku. Ikinasa, si fedha.

Wanaonichosha zaidi ni hawa "wataalamu" wa kutazama picha moja na kutaja bei. Hawaulizi uzito, hawaulizi ukingo, ila dawa ya kusafishia wanayo tayari, nao wanaiuza. Sarafu ikishang'arishwa, wakusanyaji huijua papo hapo na thamani hushuka, naye muuza dawa humwoni tena.

Ukiona unga mpauko wa kijani unaochipuka upya kila ukiufuta, hapo kuna chumvi inayokula shaba. Itenge na zile nyingine, iweke pakavu kabisa, kisha mtafute mhifadhi wa makumbusho.