Nafasi ya mshono kwenye patani za mikoba ya Kijapani

Je, vipimo vya patani (vielelezo vya kukatia kitambaa) za Kijapani za mikoba ya viraka huwa vimejumlisha nafasi ya mshono, yaani ukingo wa ziada nje ya mstari wa kushona? Kwa kawaida hapana; mstari uliochorwa ndio unaopitiwa na sindano, kwa hiyo unapokata viraka ongeza milimita 7 kila upande, na sentimita 1 pale panapounganishwa mwili wa mkoba. Ukikuta maandishi 裁ち切り, yaani tachikiri, kando ya kipimo, kata palepale bila kuongeza kitu. Pamba ya kuweka katikati na bitana ya ndani mimi huzikata kubwa zaidi kwa sentimita 3 hivi pande zote, kwa sababu kitambaa hujivuta na kupungua kadiri tabaka tatu (viraka, pamba na bitana) zinavyoshonwa pamoja, kisha ziada huipunguza kwa mkasi kabla ya kutia zipu.