Andika Maneno ya Mwenye Swali: Niliyojifunza Katika Kuipandisha Tovuti Yangu Kwenye Google

Mfugaji anayeingia bandani alfajiri akakuta kuku wamejikunyata na kinyesi cha kijani kimetapakaa chini hatafuti makala yenye kichwa "Udhibiti wa Ugonjwa wa Mdondo kwa Kuku wa Asili". Anachukua simu yake na kuandika "kuku wanaharisha kijani". Ilinichukua karibu miaka miwili kulielewa jambo hilo, na katika muda wote huo tovuti yangu ya ufugaji ilikuwa na makala nilizozitolea jasho ambazo watu waliozihitaji hawakuziona.

Kabla ya kufika huko, naomba uanze na jambo dogo ambalo mimi nilichelewa kulifanya. Ingia Google, andika "site:" na uunganishe anwani ya tovuti yako bila kuacha nafasi, kisha utazame kama kurasa zako zinatokea. Zangu hazikutokea hata moja. Fundi aliyenitengenezea tovuti kwa WordPress, programu ya kujengea tovuti, alikuwa ameweka alama kwenye kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti, jambo ambalo ni la kawaida wakati kazi ingali jikoni, lakini alipomaliza hakuiondoa. Kisanduku hicho kimo katika mipangilio, sehemu inayohusu usomaji, na kukiondolea alama ni kazi ya nusu dakika. Baada ya hapo nilijiandikisha Google Search Console, huduma isiyolipiwa ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi kurasa zake zinavyotokea katika utafutaji, nikawasilisha ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zake, na siku chache baadaye kurasa zikaanza kuorodheshwa.

Kuorodheshwa, hata hivyo, si kupanda juu katika matokeo. Faida kubwa niliyoipata Search Console ni ripoti inayoonyesha maneno hasa ambayo watu waliyaandika kabla ya ukurasa wako kutokea mbele yao. Niliposoma ripoti hiyo kwa mara ya kwanza niliona "dawa ya kideri", "kuku wanakufa ghafla" na hilo la kuharisha kijani, ilhali katika makala yangu yote neno "kideri" halikuwemo hata mara moja, kwa kuwa nilishikilia "mdondo" nililolizoea. Watu wawili walikuwa wakizungumzia ugonjwa mmoja pasipo kukutana.

Niliuandika upya ukurasa ule. Kichwa kikawa "Kuku Wanaharisha Kijani: Jinsi ya Kutambua Kideri na Kukinga Kuku Wako", na aya ya kwanza ikajibu swali papo hapo: kwamba dalili hiyo inaweza kuwa ya kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, ingawa yako magonjwa mengine yenye dalili kama hiyo, hivyo mtaalamu wa mifugo aitwe, kwamba kideri husababishwa na virusi na hakina dawa ya kukitibu, na kwamba kinga yake ni chanjo inayotolewa kabla ugonjwa haujaingia, kwa mfano ile ya I-2, ambayo kuku hudondoshewa jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Wengi walikuja wakitafuta dawa, nami nilipaswa kuwaambia ukweli kwamba hakuna, kisha niwaonyeshe la kufanya. Naamini ukweli huo ndio uliowafanya wasome hadi mwisho. Nilikuwa pia na makala tatu fupi fupi kuhusu ugonjwa huohuo, kila moja ikigombania nafasi na mwenzake; nikaziunganisha kuwa moja na kuzielekeza anwani za zamani kwenye ile mpya.

Sikurudiarudia neno "kideri" katika kila sentensi, na nakusihi nawe usifanye hivyo, kwa sababu Google huhesabu mrundikano wa maneno kuwa ni ulaghai. Wala usipoteze muda kujaza orodha ya maneno muhimu iliyofichwa ndani ya ukurasa: tangu mwaka 2009 Google ilikwisha kueleza wazi kwamba haiitumii katika kupanga matokeo.

Kuhusu kasi, wasomaji wangu wengi hutumia simu za bei nafuu na bando la kupimapima, na Google nayo hutazama zaidi sura ya tovuti inayoonekana kwenye simu kuliko ile ya kompyuta. Picha ya jogoo niliyoiweka juu ya ukurasa wa mwanzo ilikuwa na megabaiti 4. Niliipunguza upana na kuihifadhi katika muundo wa WebP, ikashuka chini ya kilobaiti 100, na macho yangu hayakuona tofauti. Lengo linalotajwa na Google ni kwamba kitu kikubwa kinachoonekana kwanza kwenye ukurasa kiwe kimefunguka ndani ya sekunde 2.5, na unaweza kupima bure kwa PageSpeed Insights, chombo cha Google cha kupima kasi.

Sasa niseme la viungo, yaani maneno ya kubofya yanayompeleka msomaji kutoka tovuti moja hadi nyingine, maana hapa ndipo watu wanapoliwa fedha. Tangu Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998, kiungo kutoka tovuti nyingine kimehesabiwa kama mtu anayekudhamini. Mimi nilimlipa mtu aliyeniahidi ukurasa wa kwanza ndani ya mwezi mmoja, akaniletea mamia ya viungo kutoka tovuti za kamari na nyingine za lugha nisizozijua. Havikunipandisha hata hatua moja, na fedha haikurudi. Google yenyewe husema kwamba hakuna awezaye kukuhakikishia nafasi ya kwanza, na kwamba kazi hii kwa kawaida huchukua miezi minne hadi mwaka mmoja kabla ya kuonyesha matunda, kwa hiyo anayekuahidi mwezi mmoja mwache aende zake. Viungo vilivyonifaa vilikuja nilipotengeneza jedwali la ratiba ya chanjo, tangu kifaranga wa siku moja, ambalo mtu anaweza kulichapa na kulibandika ukutani bandani. Wauzaji wa pembejeo na vikundi vya wafugaji waliliweka kwenye kurasa zao bila mimi kuwaomba.

Bado huifungua ile ripoti kila mwanzo wa mwezi, nikitafuta maneno ambayo tovuti yangu inatokea mbali, ukurasa wa pili au wa tatu, kwa sababu hapo pana swali ambalo sijalijibu ipasavyo. Mwezi huu nimekuta "kuku anapinda shingo", ambayo nayo ni dalili ya kideri, na katika makala yangu nimeigusia kwa nusu sentensi tu. Nimeanza kuiandikia ukurasa wake, na jirani yangu mfugaji amenipa picha.