Huduma ndogo na uthabiti wa uchumi wetu

Swali: Je, mafundi, wabebaji na mawakala wa pesa za simu wana uzito wowote katika uchumi wa mkoa? (Msomaji, Birere, Goma)

Jibu: Wana uzito mkubwa, ndugu msomaji. Benki za Goma zilipofungwa Januari 2025, mawakala hao ndio waliowawezesha wafanyabiashara wengi kuendelea kulipana, ingawa uhaba wa noti ulipandisha ada ya kutoa fedha, na hilo liliwaumiza wanyonge. Mtazame pia seremala wa chukudu (baiskeli ya mbao isiyo na pedali, ya kubebea mizigo): hulichonga kwa mbao za hapa hapa, huvika magurudumu raba za matairi makuukuu, nalo hubeba magunia ya makaa na viazi bila tone la mafuta. Fundi huyo anastahili mkopo wa riba nafuu.