Achana na mlipuko, tumia nyota

Ndugu mwandishi, nimekupata: mashujaa wako wamejipenyeza mji wa adui kwenye sayari ya mbali, wanataka kuuzima umeme, na kila ukiandika mlipuko unaona hadithi imeshachakaa.

Mimi ningeweka baruti kando. Tarehe 13 Machi 1989 dhoruba ya jua, yaani jua linapochafuka na kurusha chembe zenye umeme na sumaku hadi duniani, iliangusha gridi (mtandao wa umeme) ya Quebec, Kanada, ndani ya sekunde kama 90 tu. Watu milioni 6 wakakaa gizani kwa muda wa saa 9 hivi. Nyota ya sayari yako nayo inaweza kuchafuka. Mashujaa wanaijua saa ya dhoruba. Kazi yao ni kuzuia tahadhari isimfikie mtu wa zamu kwenye gridi.

Kisha kaa humo gizani. Lifti imekwama, bomba linakoroma halafu linakauka maana pampu zimekufa, nesi anampulizia mgonjwa hewa kwa mkono. Hapo shujaa ajiulize amemzimia nani umeme hasa.

Angalizo: usiurudishe umeme mji mzima kwa swichi moja. Gridi huwashwa kipande kwa kipande. Niliwahi kukosea hapo, fundi mmoja akanicheka wiki nzima. Rasimu mpe mhandisi wa umeme aisome kwanza.