Nimechoka na mji, nataka nikaishi pembeni ya msitu

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi nina miaka 34 naishi Kimara nafanya kazi Posta, saa kumi alfajiri nishaamka, nikirudi usiku nimechoka hata kula sitaki, wikiendi ndo vikao vya harusi na michango. Januari nilienda Lushoto siku nne tu, nikalala kule Magamba karibu na msitu, asubuhi ukungu unaingia mpaka dirishani, simu haishiki, aisee nililala kama mtoto. Tangu nirudi sina raha. Nina akiba kidogo nataka niache kazi, nipate eneo nijenge kibanda nilime bustani niishi mwenyewe mbali na watu na kelele zao. Ndugu wanasema nimerogwa. Shangazi unanishauri nini?
Mchovu wa Kimara

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujarogwa, umechoka tu. Ila hapo kwenye "mbali na watu" ndo umeniacha, maana mi nimeolewa huko huko Lushoto nimekaa miaka sita. Ukitoka Mombo ukaanza kupanda zile kona, kila ukigeuka ni nyumba, kila kipande cha mlima kina shamba la mtu. Msitu uliokulaza usingizi ni hifadhi ya serikali, huwezi kujenga humo, kwa hiyo kibanda chako kitakuwa kijijini, na kijijini mtu haishi mwenyewe. Kimara jirani wa ukuta mmoja anaweza asijue hata jina lako, kule ukikosa msiba mmoja tu wiki nzima unajadiliwa wewe.

Eneo nalo usimpe mtu hela kwa kuoneshwa kichaka. Ardhi ya kijiji ina sheria yake ya mwaka 1999, inasimamiwa na halmashauri ya kijiji na haigawiwi mpaka mkutano mkuu wa kijiji ukubali, yani watu wanakaa kukujadili wewe mgeni. Umekimbia vikao vya harusi unaenda kuanzia kwenye kikao!

Na hiyo bustani, karoti na kabichi zinakubali sana, lakini bei anakuja nayo dalali aliyeshapiga simu sokoni Dar, halafu anataka lumbesa, gunia limejaa mpaka limeota kichwa na hela ni ile ile. Dar itakufuata mpaka kwenye tuta.

Kuna Mmarekani anaitwa Christopher Knight, mwaka 1986 akiwa na miaka 20 aliacha gari lake akaingia kwenye misitu ya jimbo la Maine akakaa karibu miaka 27 peke yake. 2013 wakamkamata, unajua akifanya nini? Anaiba chakula. Miaka yote hiyo alikuwa anavunja nyumba za watu za mapumziko anachukua vyakula, betri, mitungi ya gesi. Simcheki, baridi ya kule ni ya theluji, ila tumbo lake lilikuwa linalishwa na majiko ya watu wale wale aliowakimbia.

Sasa sikwambii usiende. Wewe ulienda Januari jua limekaa vizuri, safari hii nenda Julai, chukua zile siku zako 28 za likizo zote, usilale hoteli, panga chumba kwa mama mmoja wa kijijini. Nguo zikae kwenye kamba siku tatu hazijakauka, uchote maji, upalilie shamba la watu, ukisikia kuna msiba uende, na kama wanachimba kaburi ushike jembe, hapo ndo wataanza kukuita kwa jina lako. Ikifika siku ya ishirini na bado unalala kama mtoto, niandikie tena tuongelee hiyo akiba yako ni shilingi ngapi. Barua ya kuacha kazi usiiandike kwanza. Na hao ndugu wanaosema umerogwa waambie waje wakutembelee, utaona wanavyoshuka na mifuko ya kabichi.